Springi Mbele na Nyuma

Bosire alipofika kwenye shimo la nne la barabara, aliinamia kipaza sauti alichokifunga kwenye usukani wa baiskeli.

"Tangazo la msiba," akasema. Akataja jina la marehemu, kisha akaendelea: "Mazishi ni Jumamosi saa nne. Kila mtu aje na kuni."

Sauti ilitoka imekatikakatika. Ng'ambo, katikati ya majani chai, mtu akaita, "Mzee! Unauza nini?"

Bosire alishuka, akatoa daftari mfukoni na kuandika: *Ya kwanza. Hawakusikia.* Kisha akaisukuma baiskeli kupanda mlima, kuirudisha dukani kwa Ndung'u pale Roret.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametangaza misiba ya vijiji vile kwa baiskeli, akiwa na kipaza sauti. Mwezi uliopita barabara ilimtikisa vibaya, siku ikasikika vingine, na waombolezaji wakafika siku moja baada ya mazishi, na sufuria zao za chakula, wakakuta kaburi limeshafunikwa. Kamati ya mazishi ilimwita. Walimwambia kwa heshima kwamba akikosea tena, kazi itapewa Phelix, mwenye simu kubwa na kikundi cha WhatsApp.

Kwa hiyo alikuwa amekuja kuchagua baiskeli ya springi mbele na nyuma. Asubuhi mkewe, Mongina, alimpa vikombe viwili vya chai, akamwambia achague polepole kama kawaida yake.

"Hiyo ya kwanza ni ya mashindano, mzee," Ndung'u alisema. "Springi fupi. Imetengenezwa ikimbie."

"Mimi sikimbii. Mwenye nimetangaza hana haraka."

"Sasa jaribu hii ya kati. Inapanda, inashuka, haina maneno." Ndung'u akakitazama kipaza sauti. "Lakini kwani huwezi kusimama ndio uongee?"

"Nikisimama watu wananiuliza maswali."

"Basi rekodi. Si hiyo kitu iko na kidude cha kurekodi? Unajirekodi nyumbani, unapita ukicheza tu. Hata mtu mwingine anaweza kukupitishia."

"Sagini jirani yangu huniambia hivyo hivyo kila siku," Bosire alisema. "Mashine haina huzuni, Ndung'u."

Alihamisha kipaza sauti kwenye baiskeli ya pili. Ili jaribio liwe la haki, kila kitu kilipaswa kuwa sawa: mteremko uleule, mashimo yaleyale, maneno yaleyale. Jina la marehemu ndilo lililomsumbua tangu juzi. Ukimtaja jirani aliye hai, watasema umemwombea kifo. Ukimtaja aliyekwisha kuzikwa, jamaa zake wataanza kulia upya. Mwishowe alikuwa amepata jina moja lisiloweza kumletea ugomvi na mtu yeyote.

Safari ya pili ukungu ulianza kushuka juu ya chai. Wachumaji hawakuonekana tena, ila sauti zao.

"Nani amekufa?" mmoja aliuliza.

"Rudia jina!" mwingine akapaza.

Bosire hakurudia. Kurudia kungeharibu jaribio. Aliandika: *Ya pili. Nusu.*

Baiskeli ya tatu ilikuwa nzito kama ndama. Ndung'u aliikalia akaruka-ruka juu yake, nayo ikazama na kuinuka bila kelele. "Hii ni ya kushuka milima ya mawe. Inameza shimo. Shida yake ni kupanda tu."

"Nitaisukuma. Nimezoea."

Aliteremka. Shimo la kwanza hakulisikia. La pili, la tatu, la nne, yote yakapita chini yake kana kwamba barabara imepigwa pasi. Akainama, akasema maneno yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akajisikia mwenyewe, neno kwa neno, sauti ikivuka bonde hadi upande wa kwao.

Kule kwenye ukungu uchumaji ukakoma. Hakuna aliyeuliza kitu. Kisha mwanamke mmoja akalia kwa sauti ndefu, na mwingine akampokea.

Bosire aliandika: *Ya tatu. Imefika.*

Hata hivyo hakutaka kununua kwa pupa. Alikaa dukani hadi karibu saa kumi na mbili, akipima minyororo na kuuliza kuhusu breki, akamwahidi Ndung'u kwamba atatoa uamuzi atakapopata shahidi wa upande wa pili wa bonde. Akaanza safari ya kurudi kwa miguu, kwa njia ya mkato ya katikati ya chai, kipaza sauti begani, ukungu umefunga kila kitu.

Alipokaribia kufika nyumbani kwake alisikia majembe. Akaifuata ile sauti. Sagini na wanaume wawili walikuwa ndani ya shimo, wameinama, wanachimba.

"Sagini," Bosire alisema, akifungua daftari. "Ulisikia tangazo la leo mchana?"

"Nani hakusikia?" Sagini alijibu bila kuinua kichwa. "Lilitoka safi kama redio."

"Siku?"

"Jumamosi."

"Saa?"

"Saa nne. Na kuni. Si unaona zimejaa hapo jikoni?"

Bosire akaweka alama tatu, moja moja. "Na jina?"

"Hata jina. Mongina alibisha kidogo, ati asubuhi alimpa vikombe viwili vya chai na akamaliza vyote. Tukamwambia, mama, tangazo ni tangazo, na sauti ni yake mwenyewe. Bosire alikuwa mtu wa mpango, lazima alijirekodi mapema." Sagini akatupa udongo juu, ukaangukia viatu vya aliyesimama. "Hebu shika koleo, ndugu. Tukifika kiunoni tuache, sehemu iliyobaki tutamalizia kesho."