Mgonjwa Chini ya Glasi

Fundi alikuwa anajibamiza kichwa ukutani. Si mzaha. Puu! Puu! Rangi ya ukuta ilishabanduka, damu inamchuruzika mpaka kwenye nyusi, na bado haachi.

"Kitoeni!" alinguruma. "Kinapiga ngoma! Kinanila ubongo!"

Mama yake, aliyekuwa uani akianua nguo, aliingia mbio na vibanio mkononi. "Mwanangu, umepatwa na nini?"

"Sikioni! Kuna mdudu sikioni!" Akapiga meza teke, vyombo vya chakula cha mchana vikaenda chini vyote. Akanyanyua kiti akakivunjia mlangoni, utadhani kiti ndicho kilichomwingia.

Mkewe alisimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mmoja umefungwa bendeji. Hakukimbia. Leo zamu ya kupigwa ilikuwa ya kiti.

Mtu huyu kutwa nzima, kule gerejini, hugonga bodi za magari yaliyobonyea mpaka zikanyooka. Akirudi nyumbani, jamani, anabonyeza chochote anachokikuta. Bendeji ile ilikuwa kazi yake ya juma lililopita. Majirani walijua. Mama yake alijua pia, ila yeye siku za kipigo hukumbuka nguo zake uani.

Na chokochoko za mara hii zilianzia kwa nondo, wale vipepeo wa rangi ya vumbi wanaofuata taa jioni. Fundi aliwaponda kwa kandambili. Mkewe aliwafunika kwa glasi, akapitisha karatasi ngumu chini yao, akawatoa nje taratibu. Waliojeruhiwa aliwalaza jikoni nyuma ya ndoo ya maji, chini ya glasi, na pamba iliyochovywa maji ya sukari, mpaka wapate nguvu ya kuondoka.

"Mkwe wangu kafungua hospitali," mama mkwe alikuwa akimtania. Juzi alimkuta akimhudumia mmoja, mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, aliyeponea chupuchupu. "Huyo bawa moja limekwenda. Haruki tena huyo, mwanangu, unajisumbua bure."

"Atatembea, mama."

Jana jioni mwingine akatumbukia kwenye mchuzi wa fundi. Basi leo fundi alirudi na nyundo ya kazini, akaiweka mezani pembeni ya sahani yake, akala mpaka akamaliza.

"Najinyoosha kidogo," alimwambia mkewe. "Nikiamka nakagua nyumba hii kona zote. Nikikuta mdudu hata mmoja, huo mkono mzima nao utavaa bendeji."

Akajilaza na nyundo yake kwenye kitanda cha pale pale, upande wa pili wa meza. Akakoroma kama kawaida yake. Alichoamka nacho ndicho hicho kilichomtoa damu.

"Lete mafuta ya kula!" mama mkwe alipiga kelele sasa. "Mmwagie sikioni, afie huko huko!"

"Mafuta yatamuua, mama."

"Heee! Mwanangu anakufa, wewe unamhurumia mdudu?"

"Akifia ndani ataoza ndani, na sikio litaoza naye. Akiona mwanga atatoka mwenyewe."

Mke akafunga mlango, akashusha mapazia, chumba kikawa giza. Akaketi chini na tochi. Fundi, kipande cha mtu, akajitupa sakafuni na kulaza kichwa kwenye paja la mkewe.

Tochi haikuwaka.

"Washa!"

"Nitawasha. Mama, kwanza chukua ile nyundo iliyo kitandani." Alisubiri mpaka mama mkwe akaishika. "Sasa mume wangu, apa. Mama yako akusikie. Utanipiga tena?"

Mkono wa fundi uliruka gizani ukamkamata koo. Akambana, kidole gumba kikizama nyamani. "Mwanamke, nitakuua! Washa hiyo tochi!"

Mke alikosa pumzi. Macho yalimtoka, masikio yakaanza kuvuma, lakini kidole chake hakikugusa swichi. Mdudu naye kule ndani akapapatika upya. Fundi akapiga ukelele uliotoka tumboni, mkono ukalegea, miguu ikawa inatupa mateke kwenye vigae vya sahani zilizovunjika.

"Sikupigi! Naapa! Sikugusi tena! Nikikugusa, mama anilaani!"

Kisha sauti ya mama mkwe, kavu, sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia: "Nimesikia. Siku utakayomgusa, radhi zangu huzipati, hai wala maiti."

Tochi ikawaka.

Vilitangulia vipapasio viwili, vikipima hewa. Kisha miguu. Nondo alitoka kwa mwendo wa pole, akafuata ndewe ya sikio, akaingia kwenye kiganja cha mke, nacho kikamfunika.

Fundi alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. "Umeniokoa," alikuwa akisema, "umeniokoa, mke wangu."

Mama mkwe alifungua mapazia, akaketi kitandani na nyundo mapajani. Akatazama dirisha moja, akatazama la pili.

"Lakini nondo gani wa mchana huyu?" aliuliza. "Na madirisha yote yamefungwa. Kapitia wapi?"

"Hawa hawakosi njia, mama," mke alijibu kwa sauti ya kukwaruza, akaenda zake jikoni.

Nyuma ya ndoo ya maji, glasi ilikuwa bado imelala ubavu, vile vile alivyoiacha wakati mkoromo ulipoanza. Akafungua kiganja, akamlaza mgonjwa wake wa bawa moja juu ya pamba, akamfunika tena.