Maji ya Pipa la Tatu

Siwatu alikunja aproni yake akaiweka juu ya meza ya vitambaa. Wenzake watano walikwisha kumtangulia kwenda kufanya kazi kiwandani.

"Nisamehe, dada Zamda. Kule kiwandani rangi inamwagwa mtoni moja kwa moja, saa nane watu wako nyumbani. Nami nina watoto."

"Nenda salama," Zamda alisema. "Sina kinyongo."

Alipobaki peke yake aliyaendea mapipa matatu ya mchanga na makaa, yaliyochuja maji ya rangi kabla hayajarudi mtoni. Siku alipofungua karakana ya batiki pamoja na wajane wale sita, walikubaliana jambo moja: kila Ijumaa, kabla ya kuyafungulia maji, mmoja wao anawe uso kwa maji ya pipa la tatu, wengine wakimtazama. Maji usiyothubutu kunawa, usimpelekee jirani.

Leo hapakuwa na wa kumtazama. Angeweza kufungua koki tu akaenda zake. Akainama, akanawa.

Viganja vilitoka na buluu. Makaa yalikuwa yamechoka, na katika kuagana kwa wiki nzima hakuna aliyekumbuka kuyabadilisha.

Huko chini mtoni wanawake walikuwa wakicheka, wakijaza ndoo.

Zamda aliikaza koki, akachukua beleshi, akaanza kuyachimbua makaa. Ilikuwa kazi ya watu wanne. Kila aliposimama kuvuta pumzi, alijikuta akigeukia meza ile ya vitambaa, kuwaonyesha wenzake walioondoka uso wake wa buluu.