Dazeni Tano za Mahamri

Mwalimu alikuwa ameshaishika kalamu nyekundu alipoliona buibui la Mwanarehema likitikisika. Mikono ya mama huyo ilikuwa na shughuli chini ya meza, na huo ulikuwa mtihani wa mwisho wa ngumbaru, darasa la watu wazima, pale Mtongwe. Anayeiba mtihani hapati cheti.

"Toa mikono, mama."

"Abee, mwalimu."

Akaitoa, mitupu. Vidole vilijaa makovu ya mafuta ya moto, miaka thelathini ya kukaanga mahamri.

"Swali lauliza dazeni tano ni ngapi," alisema. "Basi nazihesabu."

Kidole gumba cha kulia kikaanza kupanda pingili za kidole cha mwisho: moja, mbili, tatu. Kikahamia kidole cha pili, cha tatu, cha nne. Kila kidole pingili tatu. Kumi na mbili kamili. Hapo mkono wa kushoto ukakunja kidole kimoja, dazeni ya kwanza. Alipokwisha kuvikunja vyote vitano akasema, bila haraka, "Sitini."

Njia aliyowafundisha mwalimu ilikula mistari minne ya daftari.

Tena mwezi uliopita mama huyu huyu alimuuliza kwa nini dazeni ya Waingereza iliishia kumi na mbili, na vidole vya watu ni kumi. Mwalimu alimjibu kwamba ndivyo walivyopenda.

"Nani alikufundisha?"

"Nyanya, naye kwa nyanyake."

Darasa zima lilikuwa likimtazama. Mwalimu akaitia kalamu nyekundu mfukoni ili naye ajaribu, maana hesabu ile yataka mikono miwili.