Vibarua Ukumbini

“Wafanyakazi wa kiwanda, simameni tuwaone!” mwenyekiti wa chama akapaza sauti.

Ukumbi mzima, wakasimama wazee watatu tu. Mmoja alikuwa baba wa binti aliyeketi mbele ya wapakiaji wa ghala, fundi mitambo wa zamani, mtu ambaye hakuwahi kumpinga kiongozi wa chama hata kwa kikohozi.

Binti akaona hapana. Kiwanda cha nguo siku hizi kilikuwa ghala, na waliopakia mizigo humo ni yeye na wenzake, wakiitwa asubuhi kwa simu na kuachwa jioni. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameshapanda juu ya kiti.

“Na sisi wa ghalani je? Chama kinatutambua?”

Mwenyekiti akacheka. “Nyie ni vibarua, mwanangu. Leo mpo, kesho hampo. Hiki ni chama cha wafanyakazi.”

Minong'ono ikavuma. Binti akatazama vidole vyake, vilivyochanikachanika kwa makali ya maboksi, gundi nyeusi imeganda kwenye kucha. Akainua mikono yote miwili juu.

“Hii basi ni mikono ya nani?”

Nyuma yake wapakiaji wakalipuka kwa vigelegele, wakagonga viti.

“Kaa chini!” Sauti ya baba ilipasua kelele zote.

Binti akaanza kushuka kitini. Alipogeuka, akakuta baba hamtazami yeye. Kidole cha mzee kilikuwa kimenyooka kuelekea jukwaani.

“Kaa chini, mwenyekiti. Binti yangu hajamaliza.”