Jiaozi za Anayeondoka

“Jua lote hili, na sweta?” Bi Guifen aliuliza kabla hata ya kuitikia salamu ya Qiaolan.

“Anasikia baridi upesi, mama,” Shupeng akamjibia mchumba wake, kama alivyomjibia kila kitu tangu washuke kwenye treni.

Walisimama chini ya ukuta wa ngome ya Jiayuguan, moshi wa kiwanda cha chuma ukipanda upande wa mjini. Bi Guifen aliendesha kreni kiwandani humo miaka ishirini na saba, akazoea kutazama watu kutoka juu. Leo alikuwa akimkagua mkwe. Akikubali, harusi mwezi ujao. Akikataa, basi.

“Unajua kupika?”

“Kidogo, shangazi.”

“Kidogo maana yake hujui.”

Shupeng akamwokotea Qiaolan jiwe. Wageni wote huugonga ukuta ule; ukilia kama mbayuwayu, safari itakuwa njema. Qiaolan akainua jiwe, na sweta ikateremka hadi kiwikoni. Bi Guifen akaukazia macho mkono ule, wenye alama za vidole zilizovilia damu.

“Shusha,” akasema. “Tunarudi nyumbani.”

Njiani alifungua kinywa mara moja tu. “Mtoto wa nyoka ni nyoka.”

Shupeng akacheka. “Umesikia, Qiaolan? Mamako huyo anasemwa.” Mama yake Qiaolan alikuwa ameachana na mumewe, na watu hawasahau. Maneno yale yalimchoma Qiaolan.

Nyumbani, Bi Guifen alikanda unga kama anayepigana nao. Qiaolan alikwenda kusaidia, akafukuzwa jikoni, lakini tayari alikuwa ameona kinachopikwa: vifuko vya unga vyenye nyama, jiaozi. Kwao, anayefika hupikiwa tambi. Anayeondoka ndiye hupikiwa jiaozi. Nao walikuwa wamefika asubuhi hiyo hiyo.

“Umeniaibisha,” Shupeng alinong’ona, akimbana mkono. “Tutaongea tukifika kwetu.”

Qiaolan akavuta sweta hadi vidoleni.

Bi Guifen akaingia na sinia. “Treni ya kurudi ni saa kumi na mbili. Nimekata tiketi moja.”

Qiaolan akainuka kutafuta mkoba wake.

“Kaa.”

Sahani ya jiaozi akaitua mbele ya mwanawe. “Baba yako naye alianzia mikononi,” akamwambia. Bakuli la tambi akamsogezea Qiaolan, na kando ya vijiti akaweka ufunguo wa nyumba.