Mfupa wa Nyuma ya Sikio

Bomu lilipoanguka karibu na stesheni, Desemba ile ya vita ya Katanga, Musonda alikuwa akigonga magurudumu ya treni kwa nyundo. Hiyo ndiyo kazi yake: gurudumu zima hulia vizuri, lenye ufa hulia vibaya.

Siku tisa sasa hasikii kitu. Siku tisa mimi mkewe nampigia kelele mpaka koo linauma.

Leo, zahanatini, muuguzi aligonga gotini mwake kichuma chenye meno mawili kama uma, akakishika mbele ya sikio la mume wangu. Musonda akatikisa kichwa.

Akakigonga tena, akakisimamisha juu ya mfupa wa nyuma ya sikio.

Macho ya mume wangu yakafunguka. "Inalia," alisema. "Hii haina ufa!"

"Ngoma ya masikio yote mbili njo ilipasuka, mama," muuguzi aliniambia. "Tufupa tutatu twa pale katikati hatupate sauti ya kubeba. Lakini kule ndani iko muzima. Ngoma itapona."

Niliinama, nikabandika paji la uso wangu kwenye mfupa uleule, nikamwita kwa nguvu zangu zote.

"Usipige makelele," alisema Musonda. "Niko nasikia."