Mkono wa Wifi

"Ugonjwa huu umeuleta wewe kwenye ukoo wetu!" wifi alinifokea kutoka upande wake wa uzio, mtaa wetu wote hapa Logan, Australia, ukisikia. "Na sasa unataka mtoto wa kaka yangu awe panya wa majaribio!"

"Mwezi uliopita koo lilimvimba, nusura tumzike. Dawa anazotumia hazimfai tena," nilimjibu.

"Na hiyo mpya? Nusu ya watakaoijaribu watadungwa maji matupu!"

Lupe, mwanangu, alisimama kati yetu na fomu ya hospitali ya kujiunga na majaribio. Ana miaka ishirini na minne, sahihi ni yake. Lakini sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki, dada wa baba akikataa, amekataa. Kalamu ilining'inia tu vidoleni.

"Shangazi, nakuomba."

"Sitaki!" Wifi akaninyooshea kidole, na taulo alilojifunga mkononi, eti ameungua na sufuria, likadondoka.

Mkono ulikuwa umevimba kama gimbi lililochemshwa. Ngozi inang'aa, pete imezama nyamani, na hapakuwa na alama yoyote ya moto. Mkono huo tuliujua. Lupe huwa nao. Marehemu baba yake alikuwa nao, na wifi alidai ni mkosi wangu.

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu usichana wangu." Alitazama chini. "Ni damu ya kwetu. Miaka yote nimekusingizia."

Akajifuta pua kwa mkono mzima.

"Tia sahihi, mwanangu. Na uwaulize kama wanapokea vizee." Kisha akanigeukia, akafungua kijilango cha uzio. "Na wewe umesimama hapo kama mgeni wa nani? Lu yangu ya nyama na majani ya magimbi imeiva. Ingia tule."